Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uhakiki wa Lugha ya Harakati za Afya na ya Waliohamishwa katika Turkana

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi ya Kiingereza yahusuyo kambi ya wakimbizi ya Kakuma, msomaji hukutana na dai kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni "pasipo mahali". Dai hilo limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka ripoti hadi ripoti, hata likakubaliwa kama elimu. Mwenye kulitafuta neno hilo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) hatalikuta, wala Mswahili wa Lamu au wa Unguja hatalitambua. Kakuma ni jina la mahali katika nchi ya Waturkana, kando ya mto wa msimu uitwao Tarach, nalo lilikuwapo kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1992.

Kosa hili lingeweza kupuuzwa kama lingekuwa la kamusi tu. Lakini lina kazi lifanyayo. Kiswahili kimeitwa mbele ya wasomaji wa dunia kama shahidi, kikalishwa maneno ambayo hakikuyasema, ili kuthibitisha kwamba watu walipelekwa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kwa tamko hilo moja mkimbizi hunyimwa anwani, na Mturkana hunyimwa nchi. Wote wawili hufutwa kwa neno moja, na neno lenyewe si la yeyote kati yao.

Makala haya yanakusudia kuchunguza msamiati ambao kwao huduma na harakati za afya huzungumza na watu waliohamishwa, na watu waliowapokea, katika Turkana kati ya Lodwar na Kakuma. Hoja kuu ni kwamba maneno yanayotumika sana katika uwanja huo huwatenga watu ambao hali yao ni moja, na kwamba mahali ambapo mshikamano wa kweli umewahi kuonekana katika Afrika Mashariki, ulitanguliwa au uliandamana na mabadiliko ya kisarufi: aliyekuwa mtendwa aligeuka kuwa mtenda. Uchunguzi utaanza na majina, kisha utaingia katika kauli za vitenzi, na mwisho utarejea katika zahanati na katika orodha za chakula.

2. Mkimbizi, mwenyeji na mhamaji

Nomino "mkimbizi" imeundwa kutokana na kitenzi "kimbia" kwa kanuni ile ile iliyozaa "mlezi" kutokana na "lea" na "mjuzi" kutokana na "jua": sauti ya kale /l/, iliyopotea katika kitenzi, hudhihirika kama /z/ mbele ya kiambishi -i. Ni nomino ya mtenda. Humtaja mtu kwa miguu yake, aliyemfukuza hamtaji. Sheria ya kimataifa imekuwa na kumbukumbu nzuri kuliko nomino hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 huanzia kwenye hofu ya kuteswa, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza uvamizi wa nje, ukaliaji wa nchi, na matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Katika mikataba hiyo mfukuzaji yumo. Katika nomino "mkimbizi" amebaki mtu anayekimbia, kana kwamba kukimbia ni tabia yake. Ajabu ni kwamba mzizi huo huo, katika kauli ya kutendea, umezaa "kimbilio", neno la heshima ambalo waumini hulitumia kumsifu Mwenyezi Mungu. Lugha imemtukuza anayekimbiliwa na kumwacha anayekimbia na jina la shaka.

Neno "mwenyeji" nalo linastahili kutazamwa. Asili yake ni "mwenye mji". Katika Turkana, mji wa Kakuma ulikua mkubwa kwa sababu ya wageni, na mfugaji anayeitwa mwenyeji aghalabu si mwenye mji hata mmoja. Mali yake ni mifugo na haki ya kupita. Fauka ya hayo, historia ya Turkana haimruhusu mtu kuamini kwamba wenyeji wamekaa tuli wakisubiri wageni. Serikali ya kikoloni ilifanya eneo hilo kuwa nchi ya mpakani iliyofungwa, ikalitumia kama mahali pa kuwaweka wale iliotaka wasahauliwe: Jomo Kenyatta alizuiliwa Lokitaung kuanzia mwaka 1953, kisha Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Kwa hiyo fikra ya "pasipo mahali" ina umri mkubwa kuliko kambi. Kisha ikaja njaa ya miaka ya 1979 hadi 1981, ambayo Waturkana huiita Lopiar, wakati ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi viliposhirikiana kuwamaliza wanyama, na maelfu ya wafugaji wakaingia katika makambi ya chakula. Zaidi ya mwongo mmoja kabla ya vijana wa Sudan kufika Kakuma, baada ya kufukuzwa na vita kutoka kwao na kisha kutoka Ethiopia, Waturkana wengi walikuwa wamekwisha kujua maana ya kupanga mstari kwa ajili ya unga katika nchi yao wenyewe.

Kitenzi "hama" hubainisha jambo hili vizuri kuliko nomino zote mbili. Kutokana nacho hupatikana "mhamaji", ambaye kuhama ni maisha yake. "Mhamiaji", ambaye amefika mahali kukaa. Na "aliyehamishwa", ambaye mtu au jambo fulani limemwondoa. Mfugaji wa Turkana ni mhamaji ambaye ukame na mipaka vimemhamisha mara nyingi. Mkimbizi ni mtu aliyehamishwa ambaye sheria ilimkataza kuwa mhamaji, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Wote wawili wamo katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Msamiati wa miradi, unaopanga "wakimbizi" upande huu na "jamii ya wenyeji" upande ule, umevunja mnyambuliko huo katikati.

Methali za Kiswahili zina mengi ya kusema hapa, na hazisemi jambo moja. Isemwayo mara kwa mara ni "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Hutajwa na wale wanaoona kwamba wageni wamekaa mno. Lakini methali ina sehemu mbili, na sehemu ya pili ni amri kwa mwenyeji: ampe mgeni jembe. Kakuma imepita miaka zaidi ya 30, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sheria haikutoa jembe. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua mahali pa ile ya 2006, ilipanua kwenye karatasi nafasi ya mkimbizi kufanya kazi. Umbali kati ya karatasi na mpini ni suala jingine. Methali ya pili husikika mara chache zaidi katika mjadala huu, nayo ndiyo iliyobeba mada ya makala haya: "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Kwa kawaida huelezwa kwamba chakula kizuri kipikwacho kwa ajili ya mgeni humfaa pia mwenye nyumba. Lakini kitenzi kilichoteuliwa ni "pona", kitenzi cha uganga na cha hospitali. Katika Kakuma maana yake ya wazi imetimia: hospitali na zahanati zilizoletwa kwa ajili ya wakimbizi huwatibu Waturkana pia, na mkimbizi ambaye ugonjwa wake umeishinda kambi hupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti iliyopo Lodwar, mwendo wa takriban kilomita 120. Mgeni amekuja, mwenyeji akapona. Na mgeni naye, akizidiwa, hupona kwa mwenyeji. Methali ilikuwa na nusu moja, Turkana imeipa nusu ya pili.

3. Mtoro

Katika lugha ya kliniki za kifua kikuu, mgonjwa aliyeacha dawa kabla ya muda huitwa "mtoro". Neno hili lina historia. Katika karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani na kuanzisha makazi yao wenyewe, kama yale ya Fuladoyo nyuma ya Mombasa. Kwa bwana, mtoro alikuwa mali iliyopotea. Kwa mtoro mwenyewe, kutoroka kulikuwa uhuru. Neno limehifadhi mtazamo wa bwana. Lilipohamia shuleni, lilimwita hivyo mtoto asiyehudhuria darasa. Lilipohamia zahanati, lilimwita hivyo mgonjwa. Popote liendapo, hosi wa kosa ni yule aliyeondoka, na mahali alipoondoka hapaulizwi swali.

Mfugaji aliyeanza dawa za kifua kikuu kisha akafuata mifugo kwenye malisho aliandikwa mtoro, hali alikuwa mhamaji tu. Mtu aliyeanza dawa kambini kisha akahamishwa, au akarudi kwao vita vilipotulia, naye aliandikwa mtoro. Hapa mkimbizi na Mturkana hukutana katika daftari moja, chini ya jina moja la lawama, na hakuna harakati ya afya iliyoweza kuwasaidia mpaka ilipolihoji jina hilo.

Mfano ulio bora zaidi haukutoka Turkana bali mashariki yake, katika Wajir, nchi nyingine ya wafugaji wa kaskazini iliyotawaliwa kwa sheria za mpakani. Huko Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitalia aliyefika Kenya kama mwalimu, aliwakaribisha wagonjwa wa kifua kikuu wajenge vibanda vyao wenyewe, kwa desturi yao, karibu na kituo cha tiba, na kukaa humo mpaka dawa iishe. Mwaka 1976 utaratibu huo ukawa mradi wa majaribio chini ya Shirika la Afya Duniani, ukajulikana kama manyatta za kifua kikuu. Neno "manyatta" ni la Wamaasai, nalo lilibandikwa juu ya nyumba za Wasomali bila uangalifu wa lugha. Hata hivyo, wazo lenyewe lilikuwa sahihi kisarufi: badala ya mgonjwa kuitwa mtoro kwa kuhama, tiba ndiyo iliyohamia katika umbo la maisha yake.

Jambo la pili katika habari ya Tonelli lina uzito uo huo. Februari 1984 majeshi ya serikali yaliwakusanya wanaume wa Kisomali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Tonelli, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatibu, aliwahudumia majeruhi, akashughulikia maiti, na akasema aliyoyaona. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Baadaye aliendelea na kazi ya kifua kikuu Borama, Somaliland. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi, na mwezi Oktoba mwaka huo huo akauawa huko Borama. Katika maisha yake, mtetezi wa afya na shahidi wa walioonewa hawakuwa watu wawili walioamua kushirikiana. Alikuwa mtu mmoja ambaye, kwa sababu alijua majina ya wagonjwa wake, alijua pia nani hakuonekana asubuhi.

Mahakama nayo ilikuja kulizingatia suala la mtoro. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walikamatwa Kapsabet na kufungwa jela kwa kuacha dawa, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Machi 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani kwa sababu hiyo ni kuvunja Katiba. Uamuzi huo haukutaja Turkana, lakini maana yake inaigusa moja kwa moja: kuondoka kwa mgonjwa ni swali linaloulizwa huduma, na jela si jibu lake.

4. Kutendesha na kutendana

Baada ya majina, vitenzi. Chukua sentensi za aina ambayo huzoeleka katika ripoti za miradi: mradi umewahamasisha wananchi, mradi umewawezesha wanawake, mradi umewaelimisha wakimbizi kuhusu usafi, huduma zimewafikia walengwa. "Hamasisha", "wezesha" na "elimisha" vyote viko katika kauli ya kutendesha. Kauli hiyo humweka mtenda mmoja nje ya tukio na kumfanya mwingine atende kwa kusukumwa. Nomino "mlengwa" huzidisha mambo, maana imetokana na "lengwa", kauli ya kutendwa ya kitenzi cha mwinda. Mtu anayelengwa hana la kufanya ila kusimama.

Haipasi kudai kwamba kauli ya kutendesha ni mbaya kwa asili yake. Mama humlisha mtoto na mwalimu humfundisha mwanafunzi. Tatizo hutokea lugha nzima ya uwanja fulani inapokuwa na kauli moja tu. Hapo wapo wanaotendesha siku zote na wapo wanaotendeshwa siku zote, na hakuna mlango wa kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Neno "mshikamano", ambalo miradi hiyo hiyo hulipenda, lina umbo tofauti kabisa. Mzizi ni "shika". Kwanza kiambishi -am- cha kauli ya kutendama huonyesha hali ya kudumu: kilichoshika hakiachii. Kisha kiambishi -an- cha kutendana huonyesha kwamba kila upande hushika na hushikwa. Ndani ya "mshikamano" hakuna mtenda wa pekee wala mtendwa wa pekee. Kwa hiyo sentensi isemayo kwamba shirika fulani "limeonyesha mshikamano kwa wakimbizi" ina hitilafu ya maana, maana "kwa" huelekeza upande mmoja kitu ambacho umbo lake hudai pande mbili. Mshikamano huwa na mtu, hauelekezwi kwake. Kiunganishi chake ni "na".

Historia ya UKIMWI katika Afrika Mashariki hutoa ushahidi kwamba suala hili si la wanasarufi peke yao. Ugonjwa ulipozuka mapema katika miaka ya 1980, majina yake ya kwanza yalitoka mpakani. Katika Kagera uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara kilichovuka kutoka Uganda. Uganda uliitwa Slim, na wengine wakawalaumu wanajeshi wa Tanzania waliopita katika vita vya 1979. Kila upande ulimwona mgeni kuwa ndiye aliyeuleta. Ndipo lugha rasmi ikaunda UKIMWI, kifupisho kilichokaa vizuri katika ngeli ya U- na kisichomlaumu jirani yeyote. Hayo yalikuwa mafanikio ya wanalugha.

Lakini jina la ugonjwa halikutosha. Lilibaki suala la jina la mtu. Kwa muda mrefu aliitwa "mwathirika", nomino ya kauli ya kutendeka, ambamo jambo humpata mtu naye hana la kusema. Mwaka 1983, mjini Denver, Marekani, wenye ugonjwa huo walikuwa wamekwisha kukataa hadharani kuitwa wahanga na kudai nafasi katika kila baraza linaloamua juu yao. Mwaka 1987 ilianzishwa TASO nchini Uganda na watu waliokuwa wameguswa na ugonjwa wenyewe, miongoni mwao Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alifariki mapema mwaka huo. Mwaka 1989 Tanzania ikapata WAMATA, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Jina hilo la Kiswahili linastahili kusomwa polepole. Halina mgonjwa wala mfadhili. Lina kirejeshi "walio", ambacho humchukua yeyote aliyemo katika mapambano, awe ana virusi au ana ndugu mwenye virusi. Baadaye "waathirika" wakawa "watu wanaoishi na VVU", na kitenzi kikawa "ishi", kauli ya kutenda, pamoja na "na".

Je, mabadiliko hayo yalileta dawa? Peke yake hayakuleta. Dawa zilihitaji sheria na mahakama. Lakini walioingia mahakamani walikuwa ni wale wale waliokwisha kujipa jina. Kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Kenya Aprili 2012, dhidi ya vipengele vya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 vilivyohatarisha dawa za bei nafuu, ilifunguliwa na watu watatu wanaoishi na VVU. Kadhalika, Julai 2013, Mahakama Kuu ilizuia amri ya kuwaondoa wakimbizi mijini na kuwapeleka makambini, kufuatia kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Kesi moja ilihusu dawa na nyingine makazi, na zote mbili zilisimama juu ya Katiba ya 2010. Katika Ibara ya 43 haki ya afya imepewa "kila mtu", hali Ibara ya 38, ihusuyo haki za kisiasa, husema "kila raia". Tofauti ya "mtu" na "raia" ndiyo nafasi ambayo Mturkana na mkimbizi husimama bega kwa bega. Wanaharakati wa afya katika Kenya wana neno hilo mkononi. Mara nyingi mno wamelitumia kwa ajili ya raia tu.

5. Lugha ya zahanati

Yaliyosemwa hadi hapa yangeweza kumfanya msomaji adhani kwamba Kiswahili, kikisahihishwa kidogo, ndicho lugha ya mshikamano Kakuma. Dhana hiyo ina upungufu. Miongoni mwa wakimbizi, wengi waliotoka Kongo walifika wakiwa na Kiswahili chao tayari, na wengine wamejifunza lugha hii kambini. Lakini kwa mama mfugaji wa Kiturkana aliye mbali na mji, ambaye hakupata shule, Kiswahili ni lugha ya afisa. Lugha yake ni Ng'aturkana, lugha ya Kinailoti, isiyo na undugu na Kibantu. Hivyo katika foleni moja yaweza kutokea kwamba anayeitwa mgeni ndiye amfahamuye muuguzi, na anayeitwa mwenyeji ndiye ahitajiye mkalimani. Ibara ya 7 ya Katiba hukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na pia huitaka dola ikuze lugha za wenyeji. Zahanati ni mahali ambapo wajibu huo wa pili hupimwa.

Hata kati ya Waswahili wenyewe hakuna umoja. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo "munganga" ni daktari au muuguzi wa hospitali. Katika Kenya na Tanzania "mganga", bila ya maelezo, huelekea kuwa mtabibu wa jadi. Mgonjwa wa kutoka Uvira akisema kwamba alikwenda kwanza kwa munganga na kupewa dawa, muuguzi wa Lodwar aweza kuandika kwamba mgonjwa alichelewa kwa sababu ya mitishamba, hali alikuwa ametoka zahanati nyingine akiwa na vidonge. Neno "homa" nalo, kwa Wakenya wengi, huwa ni mafua. Kwa Mtanzania na kwa Mkongo ni joto la mwili, na Mkongo aweza kulitumia kwa malaria yenyewe. Hapa tofauti ya lahaja huingia katika tiba. Isimu ya lahaja, ambayo katika vyuo huhesabiwa kuwa somo la kitaaluma lisilo na haraka, hugeuka kuwa jambo la kipimo na dozi.

Watu wanaoziba mwanya huu ni wahudumu wa afya wa jamii, ambao baadhi yao ni wakimbizi na baadhi ni Waturkana, wapitao nyumba kwa nyumba. Cheo chao rasmi hubadilika: waliitwa wa kujitolea, na tangu mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2023 aghalabu huitwa wahamasishaji. Kauli ya kutendesha imerudi mlangoni. Kazi wanayoifanya, hata hivyo, ni ya kutendana: hufasiri, husikiliza, hurudisha zahanatini habari za nyumbani kama wanavyopeleka nyumbani habari za zahanati. Lugha ingewatendea haki zaidi ikiwaita wakalimani wa afya.

6. Orodha

Katika tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds (2006), ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania wameisoma, msichana Furaha hufariki kwa UKIMWI na kuacha barua isomwe siku ya mazishi. Kijiji kinajua kwamba ndani yake mna orodha, na wanaume wanaogopa kusikia majina yao. Barua inaposomwa, orodha haina jina la mtu hata mmoja. Ina mambo ambayo yangemwokoa: ukweli, uwazi, elimu, upendo na mengineyo ya jinsi hiyo. Baadhi ya wahakiki huweza kuuona mwisho huo kuwa wa kimahubiri mno, na kwa upande wa sanaa wana haki kiasi fulani, kwa kuwa maadili yanatajwa pale ambapo tukio lingeyadhihirisha. Lakini wazo lililoushika mchezo ni zito: kijiji kiliitazamia orodha ya wakosaji, kikapewa orodha ya upungufu wake chenyewe.

Kambi huishi kwa orodha. Kuna orodha ya waliosajiliwa, ya wanaopokea chakula, ya wanaosubiri kuhamia nchi ya tatu. Zote ni orodha za majina. Mwaka 2025, baada ya fedha za misaada, hasa kutoka Marekani, kupunguzwa, posho ya chakula Kakuma ilikatwa. Mwezi Machi wakimbizi waliandamana. Na baadaye mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaanza kugawa chakula kwa kufuata makundi ya uhitaji. Familia zikapangwa, na kila familia ikajua kundi lake. Mpango wa namna hii una sababu zake pale ambapo chakula hakitoshi. Lakini umbo lake la lugha ni lile ambalo kijiji cha Furaha kililiogopa: majina yamewekwa hadharani, na upungufu umekuwa sifa ya mtu badala ya kuwa sifa ya ghala.

Hapa ndipo harakati za afya hupimwa. Mwenye kunywa dawa za kifua kikuu au za VVU anahitaji kula. Chakula kikikatwa, dawa huwa mzigo tumboni, na mtu akiiacha ataandikwa mtoro. Mwanaharakati wa dawa asiyesema juu ya posho ameiacha nusu ya dawa mezani. Vivyo hivyo, Mturkana anayebadilishana kuni na makaa kwa unga wa mkimbizi hupoteza mlo siku ile ile mkimbizi anapopoteza posho, ingawa jina lake halimo katika orodha yoyote. Orodha ya mambo yaliyopungua, kama ile ya Furaha, ingewakuta wote wawili. Orodha ya majina humwona mmoja tu.

Inafaa kukumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao wenyewe, Kakuma News Reflector, lijulikanalo kama KANERE, wakaripoti maisha ya kambini, zikiwamo huduma wanazopewa. Huo ulikuwa mpito kutoka kuandikwa hadi kuandika. Gazeti hilo limeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya wafadhili na ya mahakama, na sababu ya uteuzi huo haihitaji kuelezwa. Lakini kwa uteuzi huo jirani Mturkana amewekwa nje ya usomaji, na hasara hiyo ni deni la wanalugha kuliko la wahariri.

7. Hitimisho

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza husema kwamba mgonjwa hahitaji sarufi bali dawa. Ni kweli, na kubadili majina bila kubadili bajeti ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Lakini historia iliyoelezwa hapo juu huonyesha kwamba wale walioipata dawa walikuwa kwanza wamekataa jina walilopewa. La pili husema kwamba kati ya wakimbizi na Waturkana kumekuwa na ugomvi wa kuni, wa maji na wa mifugo, na kwamba kuzungumzia mshikamano ni kufunika moshi kwa blanketi. Hilo nalo ni kweli kwa sehemu. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na mpango wa maendeleo uliozinduliwa mwaka 2018 ili kuwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja, vilikuwa ukiri kwamba huduma zilizotengwa zilikuwa zimezaa chuki. Kushikana hakuwezi kudaiwa kwa watu waliotengwa kwa maneno, kisha kwa ua, kisha kwa kadi.

Idara za lugha za Kiafrika zina kazi tatu za haraka katika suala hili, nazo ziko ndani ya uwezo wake. Ya kwanza ni faharasa ya maneno ya afya itakayoweka Ng'aturkana, Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Kongo bega kwa bega, ili "munganga" na "homa" visiendelee kuwapotosha wauguzi. Ya pili ni kuliondoa neno "mtoro" katika msamiati wa tiba. Ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote, ni kusahihisha popote linapoonekana dai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali.

Kiswahili kinalo neno lake la kuwaelezea watu wa Lodwar na wa Kakuma, na si hilo. Kinayo methali ambamo mmoja anaitwa aje na mwingine anapona. Lililobaki ni kuisoma methali hiyo pande zote mbili, mpaka isiwezekane tena kujua kwa kitenzi peke yake ni nani aliyekuja na ni nani aliyepona.